Mkataba Haukusema Nani wa Kwanza

Jumatatu, 3 Februari

Siku nzima nimeandika maneno manne. Mgonjwa. Kiti. Zamu. Foleni. Mama watoto ameniuliza leo umefanya nini kazini, nikamwambia nimevipa vitu majina. Akasema hata Adamu alifanya kazi hiyo, tena bila kompyuta na bila kulalamika mgongo.

Lakini ndiyo kazi yenyewe! Hospitali inataka mfumo wa kitengo cha kusafisha damu, kile cha wagonjwa wa figo. Skrini wanaandika vijana wa chumba cha pili. Hifadhidata, yaani ghala la taarifa, anaandika mwenzangu Nukta. Mimi nimepewa katikati: kusema dunia ile ina vitu gani, kila kitu kinajua nini, na nani ana haki ya kumwomba nani afanye nini. Mtoa majina na mwandika mikataba. Kwa mtu anayetafuta miwani huku ameivaa, wamenipangia vizuri.

Nimeng'ang'ania majina yawe ya Kiswahili, yale yale wanayotumia manesi. Nukta kacheka. Anasema kompyuta haijali. Nikamwambia kompyuta haijali, lakini Sista anajali, na Sista ana sindano.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeshinda kitengoni. Kipo chini kabisa, madirisha yanatazama maegesho ya magari. Viti vikubwa vya kulalia, plastiki imechanika mikononi, imebandikwa plasta ya vidonda. Kila kiti na mashine yake. Mashine zinanong'ona. Watu wamefunika miguu kwa blanketi, wengine wamelala, mmoja anafanya hesabu za shule yake — mwalimu, bila shaka, mgonjwa asiyetaka kuonekana mgonjwa.

Nilikwenda na karatasi yangu kifua mbele. Niliandika: Kiti kina Mgonjwa. Sista Mkuu akaisoma, akanirudishia kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.

"Kiti hakina mwenyewe, fundi. Kiti kinaharibika, kinahamishwa, kinafungwa. Mtu ana zamu. Zamu ndiyo maisha yake."

Basi. Nimemtoa Mgonjwa kwenye Kiti, nimempeleka kwenye Zamu. Mstari mmoja, na dunia nzima imekaa sawa. Ningeweza kukaa ofisini mwezi mzima nisiupate.

Nikamwuliza nafasi inafunguka vipi. Mtu akihama, akasema. Akipata figo. Au basi. Aliposema "au basi" akaangalia nje. Nami nikafungua kompyuta nikaondoa amri ya kufuta mgonjwa kwenye ghala. Nikamwonyesha. Akasema, vizuri, hapa hatufuti mtu.

Nje ya mlango wa kioo kuna benchi. Pale wanakaa wa kuvizia. Hawana zamu, wanakuja asubuhi, wanasubiri kuona kama mwenye zamu hatatokea ili wapewe kiti chake siku hiyo tu. Sista anawaandika kila wanapofika. Zamu ya kudumu ikifunguka, anapewa aliyeandikishwa mwanzo.

"Hakuna sheria nyingine?"

"Hakuna. Aliyezidiwa sana ana mlango wake, wa dharura. Lakini zamu ya kudumu ni wa mwanzo. Nikitunga sheria ya pili, ndugu zao watanimeza mzima mzima."

Jumanne, 18 Februari

Mikataba imekamilika. Ghala la Foleni linaahidi mambo matatu: mwongeze mtu, mtafute mtu, nipe wanaosubiri. Huduma ya Kugawa: zamu ikiwa wazi, liombe ghala wanaosubiri, mchukue wa kwanza, mpe. Fupi mpaka naona haya.

Nafikiri ndicho ninachokipenda katika kazi hii. Mkataba hausemi kazi itafanywaje. Unasema tu nini kimeahidiwa. Nyuma yake anaweza kukaa Nukta na hifadhidata yake, au mzee mwenye makaratasi, au jini wa chupani. Huduma haimwoni. Inaamini tu. Vijana wanaziita intafesi. Mimi naziita mikataba, na wananiita Wakili.

Kwa ajili ya majaribio nimejenga ghala la uongo, linaloishi kwenye kumbukumbu na kusahau kila kitu ukizima. Nimelijaza ukoo wangu wote. Aliyeingia mwanzo anatoka mwanzo. Majaribio yote ni kijani, yamefaulu! Mama mkwe kapata zamu kabla yangu, kama kawaida.

Ijumaa, 14 Machi

Figo za Kaka zimegoma. Daktari kasema hivyo kwa lugha ndefu, Kaka kaifupisha mwenyewe: "Maisha yangu yote nimezibua mabomba ya watu. Yangu yameziba bila hata kunipigia simu."

Fundi bomba, mtu wa maji, sasa anapimiwa maji kwa kikombe. Anakitazama kile kikombe kama mtu aliyedhulumiwa shamba.

Ameandikishwa kwenye foleni. Ile ile! Nimemwambia Bosi, nimemwambia Sista, ili pasiwe na maneno. Bosi kasema programu haijui kaka yako ni nani. Sista kasema nusu ya wagonjwa wangu ni kaka wa mtu.

Na mfumo umeanza kazi wiki hii. Tumechomoa ghala la uongo, tumechomeka la kweli la Nukta, huduma haikukohoa. Nilitembea ofisini kama jogoo. Nukta akaniambia Wakili, shusha mbawa, utaangusha kikombe.

Jumatatu, 24 Machi

Kaka kaenda kuvizia mara moja tu, leo. Hakupata. Amerudi amenuna, anasema harudi tena mpaka azidiwe.

"Benchi lile lina roho mbaya, mdogo wangu. Kila mlango ukifunguka akaingia mwenye zamu, mzima na afya yake, wote tunasikitika."

Mama watoto kamgombeza, kamwambia kiburi hakisafishi damu. Shemeji yake akaomba chai. Kapewa nusu kikombe.

Jumatano, 16 Aprili

Amepata!

Sista kapiga simu saa mbili asubuhi. Zamu imefunguka, mfumo umemtaja Kaka. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, kiti cha dirishani. Nilikuwa bafuni, nimepaka sabuni nusu, nikapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Tumefika mbio. Miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu vimekataa, amekwenda na kandambili zangu. Kalazwa kitini, kaunganishwa mirija, na kitu cha kwanza alichosema ni kwamba aliyefunga ile mirija ya nyuma alikuwa na haraka. Nesi kamwambia babu, hii mashine imetoka kiwandani hivyo. Kaka kamjibu hata kiwandani kuna wazembe.

Nimekaa garini nikalia kidogo. Kwa mtu wa umri wangu tunasema mafua.

Sikuuliza zamu ilikuwa ya nani. Nilijua ni ile ya "au basi".

Jumatatu, 5 Mei

Kaka anapendeza. Uso umerudi, anatania manesi, anawagawia ushauri wa mabomba bila kuombwa. Nilimwacha kitini nikakaa kwenye benchi la nje kumsubiri.

Karibu yangu alikuwa mama mmoja anapinda mikono ya gauni. Sindano inakwenda yenyewe, macho yako mlangoni. Fundi cherehani. Kitengo kizima wanamwita Mama Cherehani. Akanitazama shati, akasema baba, kifungo hicho umekishona mwenyewe? Nikasema ndiyo. Akasema pole.

Tukacheka. Nikamwuliza naye anavizia tangu lini.

"Mimi ni mwenyeji hapa, baba. Nimeandikishwa kabla ya mwaka mpya. Kila asubuhi naja, kila asubuhi Sista ananiandika. Nafikiri hata kompyuta imechoka na jina langu."

Kabla ya mwaka mpya. Kaka aliandikishwa Machi.

Nikasema labda huwa unapitwa kwa sababu hukuja siku fulani. Akaona kama nimemtukana. "Mimi? Siku niliyokosa ni ile ya mazishi ya mama yangu. Na jioni nilikuja."

Mwalimu wa hesabu angeweza kunisaidia, lakini hesabu ilikuwa rahisi mno. Nilimrudisha Kaka nyumbani nikiendesha kama mtu aliyebeba mayai. Akaniuliza una nini. Nikasema mafua.

Jumanne, 6 Mei

Nimeukuta ufa wa mfumo. Haukuwa mbali. Upo pale pale nilipojisifu.

Mkataba wangu unasema: nipe wanaosubiri. Hausemi kwa mpangilio gani. Huduma inachukua wa kwanza, na "wa kwanza" nilikuwa nimemwacha kichwani mwangu. Ghala langu la uongo lilipanga watu vizuri kwa bahati tu, kwa sababu ndivyo nilivyolijaza. Majaribio yakawa kijani. Nami nikaamini kijani.

Nimemwita Nukta. Akasoma, akavuta kiti, akasoma tena.

"Mkataba haukusema, Wakili."

Haukusema. Kweli kabisa. Sina pa kumshika. Yeye alitimiza alichoahidi, mimi ndiye sikumwomba aahidi.

Akanieleza hifadhidata yake inavyofanya usipoiambia panga. Inakupa watu jinsi walivyolala humo ndani. Na ukigusa taarifa ya mtu, hata kuandika tu kwamba leo kafika, haifuti pale pale ikaandika juu. Inamwandika upya mahali pengine, mara nyingi mwishoni. Kila asubuhi Mama Cherehani alipofika, Sista akamwandika, mfumo ukamsukuma nyuma. Mtu aliyekaa nyumbani na kiburi chake, taarifa yake haikuguswa tena. Akabaki mbele.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Hawakuijua hifadhidata ya Nukta.

Nimeongeza kwenye mkataba: wanaosubiri, kwa tarehe ya kuandikishwa, wa mwanzo kwanza. Nimeandika jaribio linaloligusa jina la mtu makusudi kisha kuangalia kama kahama. Nukta karekebisha upande wake. Chai haikupata muda wa kupoa.

Kisha tukaangalia nani aliumia. Tangu mfumo uanze zamu moja tu imefunguka. Moja! Na tukauliza mfumo mpya ingekuwa ya nani. Ukajibu mara moja, haukusita. Nukta hakusema jina. Akaniuliza kwa upole utamwambia nani kwanza.

Nikasema Sista.

"Sawa. Ila ujue watu watasema nini."

Najua. Mwamba ngoma huvutia kwake. Nani ataamini kwamba mwamba ngoma huyu alikuwa hajui kamba iko wapi?

Jumatano, 7 Mei

Nimempeleka Kaka. Benchini Mama Cherehani hakuwapo. Nilishukuru — Mungu anisamehe, nilishukuru — kisha nesi akasema jana alizidiwa, maji yamepanda kifuani, wamemwingiza kwa mlango wa dharura. Wamemsafisha. Kesho atatoka. Keshokutwa atarudi benchini.

Nimeingia kwa Sista na hotuba nzima mdomoni. Alikuwa anakula mkate amesimama, simu begani. Akanionyesha kiti. Kabla sijafungua mdomo:

"Fundi, nilikuwa nakutafuta nikushukuru. Unajua zamani nilikuwa naitwa majina gani hapa? Kwamba nauza zamu. Kwamba nawapa wa kwetu. Kuna mtu alinisubiri getini. Sasa nawaambia mimi sichagui, foleni iko kwenye mfumo, kaulizeni mfumo. Nalala usingizi."

Nikasema Sista, kuna jambo.

Simu ikaita tena. Mashine moja inalia kule ndani. Akatoka mbio na mkate wake.

Ningeweza kumsubiri. Nilikuwa na muda. Nilisimama pale nikasoma tangazo la kunawa mikono mpaka nikalijua kwa moyo, kisha nikaondoka.

Najiambia: mfumo sasa uko sawa. Zamu ijayo ni yake, hakuna wa kumpita. Hakuna aliyekusudia. Kaka naye ni mgonjwa, si mwizi. Kila sentensi hapa ni kweli! Na nikizipanga zote pamoja zinatoa uongo mmoja mkubwa. Nimeishi na programu muda mrefu, naijua hali hiyo. Kila kipande kinafaulu jaribio lake na kitu kizima hakifanyi kazi.

Alhamisi, 8 Mei

Mama watoto kanitazama nikizungusha kijiko kwenye kikombe kitupu. Akasema haya, tema. Nikatema yote.

Hakunilaumu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Alininyang'anya kijiko, akasema, "Unakwenda kwa Sista kusema habari za kiti cha watu bila kumwambia aliyekikalia?"

Kwa hiyo jioni nimekwenda kwa Kaka. Nimemkuta chini ya sinki lake mwenyewe, miguu tu ndiyo inaonekana. Miguu myembamba sasa, mizuri. Nilifurahi kuiona, ndipo nikakumbuka nilichokujia.

Nikamweleza pale pale, yeye yuko chini. Ilikuwa rahisi kuzungumza na miguu. Nilimweleza mkataba ni nini, ghala ni nini, mtu anaguswa anahamia nyuma. Spana ikawa inagonga, ikasimama, ikagonga, ikasimama kabisa.

"Kwa hiyo mabomba yote mawili mazima," akasema, "ila hakuna aliyesema maji yaelekee wapi."

"Ndiyo hivyo."

"Na aliyepaswa kusema ni wewe."

"Ni mimi."

Akatoka chini ya sinki, akaketi, akafuta mikono kidole kimoja kimoja.

"Ni yule mama wa sindano?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Wiki iliyopita kanishonea kola hii. Kakataa hata ahsante." Akaishika kola. "Na ukinyamaza?"

"Zamu ijayo ni yake. Nimesharekebisha."

"Itafunguka lini?"

"Ikifunguka."

"Sema vizuri, mdogo wangu. Mtu akifa."

Sikusema vizuri. Nikaokota spana yake sakafuni.

"Na mimi nikitoka?"

"Unarudi kwenye foleni."

"Wa ngapi?"

Nikamwambia sijui, sikutazama. Ni kweli. Nilikuwa na ghala zima mbele yangu, swali la mstari mmoja, vidole vikakataa. Nikaanza kumweleza kwamba pengine Sista atapata njia, pengine wataongeza zamu ya jioni, pengine daktari... Akaniinulia mkono.

"Pengine ni maneno ya fundi aliyevunja kigae. Nenda kalale. Kesho nipitie mapema, kabla ya saa zetu."

Akafungua bomba kulijaribu. Maji yakatoka vizuri, hayadondoki. Akayatazama yakitiririka, akafunga, wala hakunywa.

Ijumaa, 9 Mei

Naandika garini, daftari juu ya usukani. Maegesho ya hospitali. Mwandiko utanisamehe.

Njiani Kaka hakutania hata mara moja. Alivaa viatu vyake vizuri, amevipaka rangi. Nikamwambia leo naingia mimi kwanza, kosa ni langu, la kusema ni mimi. Akasema utasema, nani kakukataza. Tulipofika akafungua mlango wake kabla sijazima gari. "Wewe kaa humu kidogo. Tafuta miwani yako." Ipo usoni.

Kutoka hapa naona kila kitu, kama sinema isiyo na sauti. Mlango wa kioo. Benchi. Mama Cherehani karudi, amejifunga kanga begani, leo hana gauni la kupinda, mikono imelala tu. Kaka amekwenda moja kwa moja. Kaketi karibu yake. Hakuingia ndani.

Wanazungumza. Kaka ndiye anayezungumza. Anachora kitu hewani — bomba, nadhani! Mabomba mawili na njia panda. Anamweleza mkataba wangu kwa mabomba. Mama anasikiliza, kainamisha kichwa.

Sasa kageuka anamtazama. Muda mrefu.

Dirishani kiti kitupu. Nesi ameshaweka shuka safi, mashine imewashwa, taa yake ndogo ni ya kijani.

Sista katoka mlangoni. Anamwonyesha Kaka kiti. Kaka anamwonyesha mama. Mama anatikisa kichwa, hapana, hapana, amemshika Kaka mkono wa shati, anamsukuma upande wa mlango. Kaka hasukumiki. Sista kaweka mikono kiunoni, anamtazama huyu, anamtazama yule. Anauliza kitu.

Kaka kanyoosha kidole huku kwenye maegesho.

Wote watatu wamegeuka wananitazama. Nimeshika kitasa cha mlango. Hotuba ya juzi imepotea yote, na nadhani nikifika nitaanza na yule mama kwanza, kabla ya Sista, nitamwambia kwamba wa kwanza alikuwa yeye. Nashuka.